Tunaondoka Ijumaa

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa tumbo langu pia, kwamba ukishavuka milima ya Usambara kwa baiskeli, barabara inateremka mpaka baharini siku tatu mfululizo bila kupumzika, na kwamba mwendesha baiskeli hana tena kazi ya kukanyaga pedeli. Analala usingizi palepale kitini, mikono kifuani, na baiskeli inajua njia. Huko chini, pale nchi inapokwishia, serikali imewaajiri watu wa Tanga kutanda nyavu ufuoni ili kuwadaka waendesha baiskeli wanaoteremka kutoka bara, maana bila nyavu hizo watu wangekuwa wanatumbukia majini kila siku kama vyura. Na kila anayedakwa hupewa chai. Hii habari ya chai ndiyo iliyonimaliza. Mambo ya nyavu mtu angeweza kuyatilia shaka, lakini nani atakaa chini atunge jambo dogo namna ile, la kikombe cha chai?

Nimeikumbuka juzi tu, nikiwa nimesimama kwa fundi nikisubiri azibe pancha ya baiskeli ya mjukuu wangu. Fundi alifungua ile gundi ya pancha, akaipaka kwenye tyubu, akaipulizia kwa mdomo ikauke. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Kwangu mimi haikukaa nyuma ya macho. Ilinibeba mzimamzima ikanitua Juba na Bari, mtaa wetu kule Juba, nyuma ya nyumba yetu, kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa matofali mabichi, ambako kaka yangu Lado amechuchumaa mbele ya karai la maji, amezamisha tyubu, anatafuta mapovu. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, naziba tu pancha yangu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda miaka michache kabla ya hapo, vita vya kwanza vya kusini mwa Sudan vilipokwisha na wakubwa wakasema sasa kuna nchi. Tulirudi kwenye lori lililojaa watu hivi kwamba mpaka leo sina hakika kama miguu niliyoshuka nayo ndiyo niliyopanda nayo. Uchochoro wetu wote ulikuwa wa watu waliorudi. Nyumbani tulisema Kibari, sokoni Kiarabu cha Juba, na Kiswahili chetu kile cha Uganda, kisichokuwa na sheria nyingi, kilitoka pale watu walipotaka kukumbuka au kugombana. Joto la Juba la miaka ile halikuwa kama la siku hizi. Mama akiweka birika uani, maji yalikuwa yanaanza kuimba kabla hajatafuta kiberiti.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala la tajiri mmoja pale karibu na bandari ya mto. Majahazi ya chuma yalikuwa yakisukumwa kutoka kaskazini siku nyingi sana, yakifika na chumvi, sabuni, sukari na vitambaa, na Baba alikuwa mtu wa kwanza katika uchochoro wetu kujua nini kimeshuka na nini kimekosekana. Aliona pia askari wakipanda na kushuka. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno saba kwa siku, nadhani, na matano kati ya hayo alimpa Mama. Lakini majirani walimtazama kama redio. Baba akikohoa jioni, watu wa nyumba ya tatu walijiuliza ana maana gani.

Lado alikuwa na miaka kumi na minane. Kule Uganda alikuwa amefika sekondari, mwaka wa pili, na alikuwa na kichwa cha kutisha. Nilimwona kwa macho yangu akifanya hesabu ya ukurasa mzima huku anamchuna kuku. Tuliporudi Juba walimwuliza maswali kwa Kiarabu cha kitabu, naye Kiarabu hicho hakuwa nacho. Basi wakamwambia aanze upya, darasa la tatu la shule ya msingi. Darasa la tatu lilikuwa darasa langu. Mnajua nilivyofurahi? Nilitangaza mtaani kwamba sasa ninasoma na kaka yangu, na atakayenigusa ajiandae.

Alikuja siku moja. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, akakaa ubavu, miguu imetokeza njiani, na mwalimu kila akipita alilazimika kuiruka. Jioni Mama alimwuliza, "Wamekuweka wapi?"

"Nyuma ya Wani," akasema Lado.

Wani ni mimi. Mama akaendelea kuchambua mboga zilizokuwa zimeshachambuliwa. Mimi nilijua tatizo lilikuwa dawati, nikashauri tumwombe seremala alipandishe miguu. Lado hakurudi tena darasani.

Baada ya hapo alikaa nyumbani na baiskeli ya Baba. Ilikuwa ile nyeusi ya chuma, nzito kama ndama, yenye keria pana nyuma ya kuwekea mizigo. Lado aliivunja yote, akapanga vipande juu ya gunia, akavisugua kwa majivu na mafuta ya taa, akavirudisha. Kesho yake akavunja tena. Mama Keji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha samaki, alikuwa akimtazama kupitia tundu la ua.

"Lado! Hiyo baiskeli nasugua kila siku, wewe iko na harusi?"

"Hapana, mama. Kiangazi hiki nataka kwenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Mbali. Nivuke Uganda, nivuke Kenya, niende kwenye milima ya Usambara, halafu niteremke Tanga kwenye bahari."

"Nani nakufukuza?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa nakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia."

Mama Keji alicheka mpaka akakaa chini, akaita watu waje kumsaidia kucheka. "Ya zol, ewe mtu! Miaka kumi na mbili mimi nakimbia na miguu hii! Nimetoka hapa mpaka Uganda, kucha zote zikabaki njiani, na sijaangalia kitu hata kimoja! Sasa huyu anakwenda kuangalia!" Na kwa muda wa wiki nzima, kila akimwona Lado alimsalimu hivi: "Mwangaliaji! Umeshaona nini leo?"

Lakini mimi nilijua si mzaha, kwa sababu nilikuwa nimeikuta barua. Ilikuwa imefichwa ndani ya kitabu chake cha jiografia, kwenye ukurasa wenye picha ya mlima wa kijani, mashamba ya mkonge chini yake, na mbali kabisa mstari wa buluu uliochorwa kwa penseli na mtu ambaye hakuridhika na picha. Barua ilitoka kwa mwalimu wake wa zamani kule Uganda, Msambaa, aliyekuwa amerudi kwao Lushoto. Nilikuwa ninasoma kwa kuparamia, neno hapa neno pale. Nilisoma *njoo*. Nilisoma *kabla shule hazijafunguliwa Januari*. Nilisoma *nafasi ipo*. Nikaelewa kila kitu: mwalimu ana nyumba kubwa, nafasi ipo ya kulala, na anatukaribisha wakati wa likizo, ila tuondoke kabla ya Januari kwa sababu shule zikifunguliwa atakuwa na shughuli.

Lado alinikuta na barua mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima uzito wa kuku kabla hajamnunua.

"Umesoma?"

"Nimesoma. Tunakwenda lini?"

Aliangalia mlangoni, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. Hapo ndipo nilipopewa mteremko wa siku tatu. Hapo ndipo nilipopewa nyavu na chai. Alinieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma ratiba ya meli, na kila nilipouliza swali alikuwa na jibu. Na wakikosa kukudaka? Kuna nyavu za pili. Na kama mtu ana usingizi mzito? Wanampigia filimbi.

"Lakini Wani," akasema, "ni siri. Ukimwambia mtu hata mmoja, hatuendi. Hata Mama. Hata Baba."

"Tunaondoka lini?"

Alisita kidogo. "Ijumaa ya wiki ya tatu. Ijumaa mchana wafanyabiashara wako msikitini, njia zimetulia. Hakuna atakayetuona."

Toka hapo nikawa mtu wa safari. Wiki hizo tatu nadhani sikuligusa vumbi, nilikuwa nikipita juu yake. Kazi zangu zilikuwa mbili, kuleta maji ya karai na kunyamaza, na hii ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Lado alikausha samaki juu ya paa, kidogokidogo, akimwambia Mama ni wa kuuza. Alisaga karanga. Alitafuta chumvi, sindano, uzi, kipande cha sabuni, tumbaku ya kuwapa maaskari wa mipakani ingawa yeye mwenyewe havuti. Alifunga shati lake jeupe la shule ya Uganda na suruali ya kaki, akazipiga pasi kwanza kwa kuzilalia chini ya mkeka. Nilimwuliza kwa nini nguo za shule. Akasema baharini kuna mpiga picha. Nikaona ni busara, nikaanza kuilalia kaptula yangu na mimi.

Na kila alfajiri alifanya mazoezi. Alifunga gunia la unga kwenye keria, akalikaza kwa mpira wa tyubu iliyokufa, akapanda na kushuka njia ya kuelekea mtoni mpaka shati likagandamana na mgongo. Siku ya kwanza nilipoona gunia limekaa mahali pangu, roho iliniuma.

"Mbona gunia?"

"Gunia ni wewe," akasema, akihema. "Ni uzito wako. Nikizoea kulibeba hili, nitakuwa nimezoea kukubeba wewe."

Basi mimi nikawa rafiki wa lile gunia. Nilikuwa ninalipiga kofi la bega kila asubuhi. Siku moja lilianguka kwenye kona, likapasuka kidogo pembeni, na mimi niliumwa na ubavu siku ile mpaka jioni, naapa. Niliacha kula mara ya pili ili nisije nikalizidi uzito. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ambayo ladha yake ingali hai chini ya ulimi wangu. Nilimeza yote bila kusema, maana mtu aliyeahidiwa bahari anameza chochote.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipachelewesha makusudi.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ile ya tatu. Nilikuwa mtoni na Jada, mtoto wa Mama Keji, rafiki yangu na adui yangu kulingana na siku. Siku hiyo alikuwa adui. Alikuwa amepata viatu. Vilikuwa vya mguu mmoja na nusu, kwa sababu kimoja hakikuwa na mbele, lakini vilikuwa viatu, na alivivaa kuingia navyo majini ili nisije nikavisahau. Alinicheka miguu. Aliwacheka Lado na baiskeli yake. Alisema mama yake anasema Lado amepotea akili kwa sababu amekosa shule.

Mimi nilizaliwa na ugonjwa huu wa kuongeza maneno. Mama alisema nilitoka tumboni nikitoa malalamiko marefu. Nilivumilia wiki mbili na siku nne, na huo ulikuwa ushujaa ambao hakuna aliyewahi kunipa nishani.

"Sisi tunaondoka Ijumaa," nikasema.

"Uongo."

"Samaki wako tayari kwenye gunia. Chumvi iko tayari. Tunaondoka mchana watu wakiwa msikitini, na hakuna atakayetuona."

Jada aliacha kupigapiga maji. "Na baba yako?"

Ningeweza kusema Baba hajui. Huo ndio ukweli, na ulikuwa mdogo, haukunitosha mdomoni. "Baba ndiye aliyesema tuondoke," nikamwambia. "Yeye anajua kila kitu. Ni siri."

Jada alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia nyumbani.

Inabidi niwaeleze wale ambao hawakutoka kwenye uchochoro kama wetu. Kwetu safari ilikuwa na sura moja tu. Kila familia ya watu wale, wakati wa kukimbilia Uganda, iliondoka hivyohivyo: samaki wakavu kwenye gunia, chumvi, sindano na uzi, siku iliyochaguliwa kwa utulivu wa njia, na mtoto aliyeambiwa anyamaze. Hakuna aliyeaga. Kuaga kulikuwa ni kuwaonyesha askari njia uliyopita. Na kulikuwa na desturi moja ambayo wanawake walifundishana wakati wa vita: unaacha sufuria ya maji juu ya mafiga, moto unawaka, ili anayepita adhani mwenye nyumba ameingia ndani kidogo tu, yuko karibu, atatoka sasa hivi. Ukiwa umepata nusu saa ya sufuria hiyo, umepata nusu saa ya kuishi.

Na sasa mlinzi wa ghala la bandarini, anayeona askari wakishuka, anaiondoa familia yake kimyakimya Ijumaa.

Jumatano asubuhi niliamka nikakuta uchochoro una moshi mwingi na hauna watu. Nilitembea kutoka ua hadi ua. Kwa Mama Keji sufuria ilikuwa inachemka, maji matupu, hakuna unga, hakuna mtu. Nyumba iliyofuata, sufuria inachemka. Iliyofuata, sufuria ndogo imeshakauka, inaanza kunuka chuma. Kuku walikuwa wamekwenda na watu wao. Mbali, kwenye njia ya kuelekea darajani, niliona migongo: magodoro vichwani, watoto wamefungwa, mbuzi wanavutwa, na viatu vya Jada vikining'inia shingoni mwake kwa kamba.

Najua mnafikiri niliogopa. Hapana. Nilikasirika. Nilidhani ile habari ya chai imesambaa, na uchochoro mzima umeamua kutangulia Tanga kabla yetu. Nilikimbia nyumbani nikimwita Lado, nikilia kwa hasira, nikisema tuwahi, wanatuchukulia nafasi, nyavu hazitatosha.

Lado alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameyaona masufuria. Alinitazama mara moja tu, na akajua. Sijawahi kuona uso ukifungwa vile. Ulikuwa kama duka linalofungwa mchana kweupe.

Yaliyobaki yalikuja haraka. Uvumi ulifika mjini kabla ya saa nne, na kila ulipopita mlangoni uliongezewa askari. Yule tajiri wa Baba aliusikia, akawaamuru wapagazi warudishe chumvi yake yote kwenye jahazi, na jahazi likaondoka kuelekea kaskazini na chumvi ya kiangazi kizima. Siku ya pili watu wakaanza kurudi, miguu imevimba, kwa sababu kule mbele hawakukuta vita, walikuta tu watu wengine wakiwauliza wanakimbia nini. Mama Keji alirudi na magodoro mawili na mbuzi wawili pungufu. Alisimama katikati ya uchochoro, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa sauti ya chini.

"Nilijua mimi. Hakuna mtu anakwenda kuangalia."

Watu wa usalama walimchukua Baba kwenda kumwuliza maswali. Alikaa huko siku mbili. Mtu wa maneno saba kwa siku, sijui aliwapa nini. Aliporudi, tajiri alikuwa ameshamweka mlinzi mwingine. Hakumgombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Baba. Alimwambia tu, "Malesh, ya akhui, pole ndugu yangu. Nilikuweka ulinde chumvi, na chumvi imekwenda."

Jioni ile tulikaa wote uani, na Baba akauliza swali lake moja. "Nani alisema tunaondoka?"

Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno tangu uzaliwe, ulikauka.

"Mimi," akasema Lado. "Nilikuwa nafanya mzaha na Jada."

Baba aliinuka. Nilidhani atampiga, na Lado naye nadhani alidhani hivyo, kwa sababu aliinamisha kichwa. Lakini Baba alikwenda moja kwa moja kwenye gunia la safari, akalifungua, akamkabidhi Mama samaki, karanga, chumvi. Alilitoa shati jeupe na suruali ya kaki. Akavitazama. Akavikunja vizuri kuliko vilivyokuwa vimekunjwa, akamrudishia Lado, akaingia ndani. Samaki wale ndio tuliokula mpaka Krismasi.

Jumatatu Lado alichukua baiskeli akaenda bandarini kubeba magunia. Watu walisema ni kwa muda tu, mpaka Baba apate kazi nyingine. Baba hakupata. Januari ilikuja ikapita, na mimi nilikuwa naisikia ikipita, kama lori usiloweza kulisimamisha. Niliitafuta barua kwenye kitabu cha jiografia. Haikuwepo tena, na penseli ya bahari ilikuwa imefutwa, ukurasa umechakaa mahali pale hata unaona maandishi ya upande wa pili. Mabega ya Lado yalipanuka, mgongo ukapinda kidogo upande wa kushoto, upande wa gunia. Kiarabu cha bandarini alikijua vizuri mno sasa, matusi na yote. Nilingoja anigombeze. Nilingoja mwaka mzima, halafu mwingine. Alikuwa akinibeba kwenye keria siku za Jumapili mpaka kanisani, akikanyaga polepole, na mimi nilikuwa ninashika kiti kwa vidole vyote kumi na kuona haya.

Hilo nililibeba mpaka nikaota ndevu. Nilikuwa ninajiambia: umempokonya kaka yako bahari, na umejipokonya mwenyewe. Mlikuwa wawili kwenye baiskeli ile na ukaiangusha. Nilipoanza shule ya jioni ya watu wazima, madarasa yenye wapagazi, akina mama wajawazito na polisi mmoja aliyekuwa akisinzia kwa heshima, nilijiambia ninasoma kwa ajili yetu sote wawili. Nilifaulu pia, na msiwasikilize wanaosema mtihani ulikuwa rahisi.

Ilikuwa katika somo la jiografia ndipo mwalimu alipotufundisha mistari ile ya kwenye ramani inayoonyesha miinuko. Alikuwa na ramani ya Afrika Mashariki, na mimi kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye Usambara. Kutoka mlimani kuna mteremko mkali, ndiyo, lakini unakwisha upesi. Halafu ni nchi ya kawaida, inayopanda na kushuka, mpaka baharini. Nilicheka peke yangu darasani hadi polisi akaamka.

Asubuhi yake nilikwenda bandarini kumwambia Lado. Nilimkuta ameketi juu ya magunia, anakunywa chai kwenye kopo, vumbi la unga limekaa kwenye nyusi zake kama mvi za mzee. Nilikuwa nimenakili ramani kwenye daftari. Nikamfungulia.

"Kaka, tungekwama! Ona hapa. Tungekanyaga mpaka miguu itoke. Hakuna mteremko wa siku tatu."

Aliiangalia ramani, akatabasamu kidogo. "Ulikuwa na akili nyingi. Nilihitaji kitu kikubwa cha kukunyamazisha."

"Na hakikuninyamazisha." Nilijaribu kucheka. Halafu yale niliyoyabeba yakatoka yote kwa mkupuo, Jada, viatu, mdomo wangu, kwamba ningemwacha Baba nje ya uongo wangu leo hii Lado angekuwa amesoma na ni mwalimu mahali fulani, na kwamba kila Jumapili kwenye keria nilitaka kumwomba msamaha kwa kutuharibia safari yetu, sisi wawili, ile Ijumaa.

Lado aliweka kopo chini. Alipangusa midomo kwa mgongo wa mkono. Mpagazi mmoja alimwita, akamwinulia kiganja angoje.

"Wani," akasema, "haikuwa Ijumaa. Nilikuwa naondoka Alhamisi asubuhi, wewe na Mama mkiwa mtoni. Peke yangu."